Mali ya Pamoja katika Utafiti wa Seli Shina za Damu

Seli shina za damu, yaani seli chache za uboho wa mifupa ambazo hujizalisha zenyewe na pia kuzaa seli za damu za kila aina, zilifahamika kwa juhudi za wagunduzi mashuhuri, lakini juhudi hizo zilitegemea nyenzo ambazo maabara nyingi zilizitumia kwa ushirika.

Nyenzo ya kwanza ilikuwa panya. Mwaka 1929 Clarence Cook Little alianzisha maabara huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambako panya walipandishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hadi wakafanana kabisa kwa urithi, hivyo uboho wa mmoja ukapokewa na mwili wa mwenzake bila kukataliwa, na jaribio la mji mmoja likaweza kurudiwa katika mji mwingine. Oktoba 1947 moto wa msituni uliteketeza maabara hiyo na panya wake karibu wote. Hata hivyo, kwa kuwa koo za panya hao zilikuwa zimekwisha kugawiwa watafiti wa kwingineko, wao ndio waliorudisha panya wa mbegu, na uzalishaji ukaanza upya.

Mwaka 1961, mjini Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwadunga uboho panya waliopigwa mionzi, wakaona vinundu kwenye wengu, ambavyo baadaye ilithibitishwa kwamba kila kimoja kilitokana na seli moja. Kuitenga seli shina yenyewe kulihitaji mashine iliyobuniwa na Leonard Herzenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo huzitambua seli kwa mwanga wa kingamwili zilizotiwa rangi, kisha huzichambua moja moja. Na kwa sababu ya gharama yake, vyuo vingi viliiweka katika kitengo kimoja chenye mafundi wa kuwahudumia watafiti wote. Kwa kutumia mashine ya aina hiyo, mwaka 1988, kundi la Irving Weissman lilitenga seli shina za damu za panya.

Sayansi hukubali matokeo pale tu wengine wanapoweza kuyarudia. Kwa hiyo kugawana panya, mashine na ujuzi ni sehemu ya uthibitisho wenyewe, na watunzaji wa nyenzo hizo wanastahili kutajwa pamoja na wagunduzi.