Silabi moja kabla ya mzizi: historia ya kiambishi cha mtendwa hadi Igogo

Muuza samaki wa Igogo, Mwanza, akiulizwa alikokwenda sangara mkubwa wa asubuhi, anaweza kujibu "nimeshaiuza" au "nimeshamuuza". Mteja ataelewa yote mawili. Mwalimu wa Kiswahili atalikata la kwanza kwa wino mwekundu: sangara ana uhai, basi anastahili -m-, hata akiwa juu ya meza ya muuzaji.

Sheria hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake kubwa iliandikwa mbali na Ziwa Victoria.

Kiambishi chenyewe ni kikongwe kuliko kitabu chochote cha sarufi, kwani kimeenea katika lugha za Kibantu. Msukuma asemapo "nakutogilwe", ile -ku- ya "nakupenda" imekaa pale pale, kabla ya mzizi. Kwa hiyo watu wa Mwanza hawakukipokea Kiswahili mikono mitupu.

Kukiweka katika maandishi kulianzia pwani. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha sarufi yake mwaka 1850. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Wasomaji wao Waingereza walizoea kiwakilishi kinachosimama peke yake baada ya kitenzi. Mhispania asingeshangaa sana: naye hutanguliza, "lo veo", yaani "namwona". Ila yeye huweza kupanga viwili, "te lo doy", "nakupa hicho". Kiswahili kina nafasi moja tu. Haisemwi "nimekimpa", husemwa "nimempa kitabu", mtu akashika nafasi na kitabu kikasubiri nyuma. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, Kihaya huruhusu zaidi ya kimoja, kama walivyoonyesha Ernest Byarushengo na wenzake katika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo kilichotoka Marekani mwaka 1977.

Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea. Mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na reli kutoka Tabora ikafika Mwanza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, ikawa inapitisha vitabu vya shule. Mazoea ya Unguja yakawa kipimo cha mtoto wa Usukumani.

Mwaka 1944 Ethel Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, alieleza jambo ambalo wazawa walilijua kwa sikio tu: "nimeona kitabu" ni kitabu chochote, "nimekiona kitabu" ni kile tunachokijua wote. Mtu, kwa kawaida, hutajwa kwa kiambishi: "nimemwona mwalimu". Baada ya uhuru kazi ikashikwa na Watanzania. Mwaka 1983 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha sarufi maumbo ya Maximillian Kapinga, na leo wanafunzi hulumbana juu ya "yambwa", "shamirisho" na "mtendwa" kwa Kiswahili chenyewe.

Si kila fundo lilifunguliwa. "Nawaambia" bado hubeba ninyi na wao pamoja. Ndiyo maana mhubiri au mgombea aliye jukwaani huongeza mkia, "nawaambieni", "nawaombeni", ili umati ujue ndio unaosemeshwa.

Turudi kwa sangara. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara, jina la mnyama hufuata ngeli yake kama jina la kitu kingine chochote. Ni Kiswahili cha pwani, na baadaye sanifu, kilichowahamishia viumbe wote upatanisho wa watu. Anayesema "samaki nimeinunua" hajakosa sarufi; anafuata mantiki nyingine, ya ngeli ya jina badala ya uhai wa kiumbe. Muuzaji huyo huyo hatasema "mama nimeiona" hata siku moja. Akishika mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, atasema "nimeyanunua" bila kukosea.

Mtihani utaendelea kudai -m-, na ni haki yake, kwa kuwa lugha ya taifa inahitaji kipimo kimoja. Lakini mwalimu anayejua sheria ilikotoka ana la kumweleza mwanafunzi zaidi ya alama ya mkasi: kwamba darasani huchagua uhai, sokoni huchagua ngeli, na kwamba anapaswa kujua yuko wapi.