Jina Litajazwa Baadaye

Jumamosi usiku, Mei 14, 2022, nilikuwa nimelala chali kwenye bedsita yangu Kahawa West, bando la usiku limebaki kidogo, simu ina kioo kilichopasuka. Kwenye WhatsApp kulikuwa na faili moja ambalo nililisoma mara tatu nikicheka peke yangu. Lilikuwa na twiti arobaini hivi. Zote zilimsifu mgombea mwenza wa mrengo fulani, ambao sitautaja kwa sababu pesa zao nilikula. Shida ilikuwa moja tu: mgombea mwenza mwenyewe hakuwa amejulikana bado. Kila mahali palipohitaji jina paliachwa mstari mtupu. "____ anazijua shida za mashinani." "____ atatuletea Mlima wote." "Tulimtaka ____ na sasa tumempata." Chini kabisa, aliyetupa kazi alikuwa ameandika: jina litajazwa baadaye.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka uliotangulia, karo ikiwa imenishinda. Kibarua cha kupandisha hashtegi kilikuwa kinalipa unga, sukuma na bando la kesho. Sikuuliza maswali. Lakini mstari ule mtupu umenikaa kichwani hadi leo, kwa sababu nadhani stori nzima ya siku zile za Mei imo ndani yake, na hata yaliyokuja kutokea Oktoba 2024.

Turudi nyuma kidogo. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya tisini na baadaye tunadhani mgombea mwenza ni kitu cha zamani. Si cha zamani. Kabla ya Katiba ya 2010, Kenya haikuwa naye. Ilikuwa na makamu wa rais, na makamu alikuwa mtu wa rais. Rais alimteua akitaka, akamtoa akitaka. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu mwaka 1966 baada ya mkutano wa KANU kule Limuru kukigawa cheo chake chamani vipande vinane, kimoja kwa kila mkoa. Josephat Karanja aliondoka mwaka 1989, baada ya wabunge kupitisha kura ya kutokuwa na imani naye. George Saitoti aliachwa nje baada ya uchaguzi wa 1997, nchi ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila makamu, kisha akarudishwa Aprili 1999, kisha akafutwa tena 2002. Wazee wanakumbuka vile watu wazito walikuwa wakisikia wamepoteza kazi kwenye redio, taarifa ya habari ya saa saba mchana, wakiwa mezani na chakula.

Katiba ya 2010 ililenga kumaliza mchezo huo. Kifungu cha 148 kinasema kila mgombea urais atamteua mtu ambaye mwenyewe ametimiza masharti ya kuwa rais, na wawili hao watapigiwa kura moja kwa pamoja. Rais hawezi kumfuta kazi naibu wake. Na rais akifariki au akiondoka, naibu anachukua kiti na kumaliza muhula. Yaani unapopiga kura ya rais, unapiga kura ya marais wawili: mmoja wa leo, mwingine wa ikitokea. Kwa karatasi, hicho ni cheo kizito sana.

Uchaguzi wa 2013 na wa 2017 haukutupima. Uhuru Kenyatta alisimama na William Ruto, Raila Odinga akasimama na Kalonzo Musyoka, na kila mtu alijua hivyo mapema. Mwaka 2022 ndio wa kwanza ambapo taifa zima lilikaa macho likingoja majina. Uhuru alikuwa anaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu siasa za vyama vingi zirudi, hakukuwa na mgombea mkubwa wa urais kutoka eneo la Mlima Kenya. Kura zilikuwa nyingi, na mwenyewe hayupo. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa imetoa makataa ya Mei 16.

Sasa, Jumapili Mei 15. Kule Karen, kwa Ruto, viongozi wa Kenya Kwanza walikuwa wamevutana tangu Jumamosi hadi usiku wa manane. Ripoti zilizovuja zilisema wabunge wengi wa Mlima walimtaka Kithure Kindiki, Seneta wa Tharaka Nithi, profesa wa sheria, mtu aliyekuwa kwenye timu ya mawakili wa Ruto kule ICC na aliyepoteza kiti cha naibu spika wa Seneti mwaka 2020 wakati wandani wa Ruto walipokuwa wakipigwa panga. Mtandaoni watu walikuwa tayari wanampongeza. Kisha Ruto akatoka nje na kumtangaza Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira, ambaye hakuwa amemaliza hata muhula mmoja bungeni, na ambaye wakati huo alikuwa na kesi ya ufisadi ya mabilioni ya shilingi mahakamani. Alikana mashtaka, na kesi hiyo iliondolewa Novemba 2022, akiwa tayari naibu rais.

Nilikuwa kwa kinyozi habari ilipoingia. Jamaa aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu, alikuwa ameapa asubuhi hiyo kwamba Kindiki ndiye atakayempa Ruto heshima: msomi, mpole, hana makelele. Akanyamaza kidogo. Kinyozi alipomaliza upande wa pili, jamaa alikuwa ameshabadilisha gia. "Unajua," akasema, "mtu mpole angemezwa. Hapa tunataka mtu wa kupiga kelele." Nilimcheka, lakini kimoyomoyo. Na mimi nilikuwa na mstari wangu mtupu wa kujaza.

Kesho yake, Jumatatu, ikawa zamu ya Azimio. Pale KICC, hayati Raila Odinga alimtangaza Martha Karua. Kwa aliye na kumbukumbu, hilo lilikuwa jambo la kushika kichwa. Mwanzoni mwa 2008, wakati Kofi Annan alipowaketisha mahasimu hotelini Serena, Karua alikuwa kwenye timu ya Kibaki, na hakuna aliyeikabili timu ya Raila kwa ukali kumshinda. Kwa wafuasi wengi wa ODM, jina lake lilikuwa jina la adui. Mwaka 2009 alijiuzulu uwaziri wa sheria, 2013 akawania urais na kupata chini ya asilimia moja ya kura, 2017 akawania ugavana wa Kirinyaga dhidi ya Anne Waiguru na kushindwa. Ghafla akawa mama wa taifa. Watu waliomlaani kwa miaka kumi na minne walibadilisha picha zao za WhatsApp jioni hiyo hiyo.

Upande wa pili nao ukageuka kwa kasi ile ile. Waliokuwa wakimsifu kwa msimamo wake, wakisema ni mwanasiasa wa Mlima asiyenunulika, sasa walimwita mtu asiye na kura, wakachimbua hesabu za 2013. Siku hiyo hiyo Kalonzo, aliyekuwa ameshakuwa mgombea mwenza wa Raila mara mbili, alijitoa Azimio na kutangaza atawania urais yeye mwenyewe. Wiki mbili na ushee baadaye alirudi.

Na vyombo vya habari? Hapa ndipo naona tulikosea wote, walioajiriwa na sisi wa vibarua. Fungua kumbukumbu za wiki ile. Utakuta wadadisi wakigawanya Mlima kuwa wa magharibi na wa mashariki, Nyeri huku, Meru na Tharaka kule. Utakuta idadi ya wapiga kura waliosajiliwa kaunti kwa kaunti, na maswali ya nani ana pesa za kampeni. Swali lilikuwa lile lile kila meza: analeta nini? Wachache sana waliuliza: akishafika, atafanya nini? Na kama rais akiondoka, huyu ndiye mnayemtaka?

Hesabu hizo zilitupofusha hata kwa mambo yaliyokuwa mbele ya macho. Kulikuwa na wagombea wanne wa urais mwaka ule. Watatu kati yao walichagua wanawake: Raila na Karua, George Wajackoyah na Justina Wamae, David Mwaure na Ruth Mucheru. Wagombea wenza watatu kati ya wanne, katika nchi ambayo bunge lake limeshindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya thuluthi mbili ya jinsia. Hiyo peke yake ilikuwa historia. Lakini Wamae na Mucheru hawakuwa na kikapu cha kura, kwa hivyo hawakuhesabika. Hata Karua, mara nyingi swali kuhusu uanamke wake lilikuwa kama atawaletea wanawake debeni.

Tulipata nafasi moja ya kusahihisha. Julai 19, Gachagua na Karua walisimama jukwaani kwenye mdahalo wa wagombea wenza. Wiki moja baadaye Raila alisusia mdahalo wa urais na Ruto akaongea peke yake. Kwa hivyo, ukiangalia vizuri, wagombea wenza ndio pekee walioipa nchi nafasi ya kuona pande mbili kuu zikijibizana ana kwa ana. Sisi tukaigeuza mechi ya mpira. Nilikuwa na twiti za ushindi tayari kabla mdahalo haujaanza. Usiku huo unga ulikuwa umepanda hadi watu mtaani wananunua wa kupimiwa kwa kikombe, na mimi nilikuwa ninalipwa kucheka lafudhi ya mtu.

Matokeo mnayajua. Agosti 9 tulipiga kura, na kwangu ilikuwa ya kwanza. Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Mlima ulimpigia Ruto kwa wingi, hata Kirinyaga nyumbani kwa Karua. Wadadisi wakasema: si tuliwaambia? Hesabu zimejibu.

Lakini hesabu za namna hiyo huwa na riba. Mwanzoni mwa 2023, Gachagua akiwa naibu rais, alianza kusema hadharani kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa: waliowekeza kura nyingi wanafaa kuvuna zaidi. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Mkenya wa Turkana analipa ushuru ule ule kwenye sukari. Ila nikijiuliza kwa ukweli, alitoa wapi wazo hilo? Kila kituo cha televisheni, kila mdadisi, kila twiti yangu ya shilingi ilimwambia kazi yake ni kuleta kura. Alizileta. Kisha akadai risiti.

Oktoba 8, 2024, Bunge la Kitaifa lilipiga kura kumbandua, wabunge 281 wakiunga mkono na 44 wakipinga. Kauli za hisa zilikuwa miongoni mwa mashtaka kumi na moja. Oktoba 17, Seneti ikathibitisha matano kati ya hayo, na Gachagua akawa naibu rais wa kwanza wa Kenya kuondolewa kwa njia hiyo. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wengi wa wabunge waliomuondoa walikuwa wamezunguka naye kwenye kampeni wakimwimbia sifa, na baadhi ya waliomdhihaki 2022 sasa walimwita mwathiriwa. Sentensi ni zile zile, jina tu ndilo limehama mstari.

Na kesho yake nani akapendekezwa? Kithure Kindiki. Yule yule wa Jumamosi usiku, ambaye baada ya kukosa nafasi 2022 alisema anapumzika siasa, kisha akarudi kama waziri wa usalama, kiti alichokalia Juni 2024 wakati vijana wa rika langu walipokuwa wakipigwa risasi barabarani. Baada ya mvutano mahakamani, aliapishwa Novemba 1, 2024, pale pale KICC Karua alipotangaziwa. Zingatia hili: mtu huyu ni hatua moja kutoka urais, na hakuwa kwenye karatasi yangu ya kura. Katiba inaruhusu. Lakini mjadala juu yake, kama angefaa au hangefaa, tulikuwa na nafasi ya kuufanya Mei 2022, na tulizungumza juu ya Mlima upande gani.

Siandiki haya nikijifanya msafi. Kuna mtu mahali aliyeona twiti yangu moja akaamini kwamba mtaa mzima ulikuwa ukimtaka fulani, kumbe ni mimi na wenzangu kumi kitandani, kila mmoja na faili lake.

Sasa 2027 inanukia. Majina ya wagombea wenza yameanza kutupwa hewani, na magazeti yameshatoa ramani. Majuzi jamaa yule wa faili alinitumia ujumbe: kuna kazi inakuja, uko? Nikamuuliza mgombea ni nani. Akasema hilo litajulikana baadaye. Nikamuuliza basi atafanya kazi gani akishaingia ofisini. Nimeona amesoma. Hajajibu.