Neno "Nafsi" na Ugomvi wa Miaka 56

Sisi Wakristo tunaoishi jirani na Waislamu hatukosi kuulizwa, tena na rafiki zetu wema, "Ninyi mnaabudu miungu wangapi?" Jibu la katekisimu tunalo mdomoni: Mungu mmoja, nafsi tatu. Lakini anayesikia "nafsi tatu" hufikiri watu watatu walioketi benchi moja. Kwa hiyo nimeona vema kurudi nyuma na kutazama jinsi jibu hilo lilivyopatikana.

Ugomvi ulianzia Alexandria, nchini Misri. Padre Arius alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba, hivyo hakuwako tangu milele. Alitaka kulinda umoja wa Mungu. Mwaka 325 Kaisari Constantine aliwaita maaskofu Nicaea, katika Uturuki ya leo, nao zaidi ya 200 wakakutana na kukiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba.

Je, mambo yaliisha hapo? La hasha! Athanasius, aliyekuwa askofu wa Alexandria tangu mwaka 328, alifukuzwa mjini mwake mara tano katika mivutano iliyofuata. Hoja yake moja hata mtoto huielewa: mtu haitwi baba asipokuwa na mwana. Ikiwa Mungu ni Baba tangu milele, basi Mwana naye yupo tangu milele.

Ndipo ukazuka ugomvi mwingine, safari hii baina ya watu wa imani moja. Wagiriki walikuwa na neno hipostasi. Wengine walilitumia kwa maana ya asili, wakasema hipostasi ni moja. Wengine walilitumia kwa Baba, Mwana na Roho kila mmoja, wakasema ni tatu. Kila upande ukamwona mwenzake mzushi.

Mwaka 362 Athanasius na maaskofu wenzake walikutana Alexandria, wakafanya jambo ambalo wagomvi hulisahau: waliuliza. Ninyi mnaosema tatu, mna maana ya miungu watatu? Hapana. Na ninyi mnaosema moja, mna maana kwamba Baba na Mwana ni majina matupu? Hapana. Ikaonekana kwamba wote waliamini lile lile. Mgawanyiko wa Wakristo wa Antiokia haukupona mara moja, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Basil wa Kaisaria, mdogo wake Gregory wa Nyssa, na rafiki yao Gregory wa Nazianzus waliyatenga maneno hayo: asili moja, hipostasi tatu. Huyu wa Nazianzus alieleza kwamba "Baba" si jina la asili bali la uhusiano. Mwaka 381 Mtaguso wa Constantinople ulithibitisha imani ya Nicaea na kukiri kwamba Roho Mtakatifu huabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Miaka 56 ilikuwa imepita.

Nafsi yetu ya Kiswahili imekaa mahali pa hipostasi ile. Ni ua wa kulinda shamba, wala si mavuno yenyewe; fumbo la Mungu linabaki fumbo. Kwa hiyo nikiulizwa, namwuliza kwanza jirani yangu anasikia nini ninaposema nafsi, kisha namweleza nisichomaanisha. Huenda asikubali, na hiyo ni haki yake. Lakini atakuwa amekataa ninachoamini, si kile ambacho mimi mwenyewe nakikataa.