Kombora lililozua ugomvi kwenye meza ya Dungeons & Dragons

Machi 2025, Sigil haijatimiza hata mwezi mikononi mwa wachezaji, kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani iliwaachisha kazi takriban watu 30, karibu wote waliokuwa wakiitengeneza. Sigil ilikuwa meza ya Dungeons & Dragons iliyohamishiwa ndani ya kompyuta, mapango na mazimwi yake yakionekana kama filamu. Waliokuwa na kumbukumbu ya miaka miwili nyuma hawakuisikitikia sana.

Mchezo wenyewe, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka 1974. Ulihitaji penseli, karatasi, dadu na msimamizi anayejua kusimulia. Kisha kompyuta zikaingia: sidii ya kanuni ilikuja 1996, programu ya Fantasy Grounds ikafuata 2004, na 2012 tovuti ya Roll20 ikawakutanisha marafiki walio mbalimbali bila kuwadai senti. Tovuti ya D&D Beyond ya 2017 ikachukua kazi ya kujumlisha namba za mhusika. Foundry, meza nyingine ya kompyuta, ilifunguliwa 2020, korona imewafungia watu ndani, na sharti lake lilikuwa jepesi: lipa mara moja, programu ni yako.

Aprili 2022 Hasbro, mmiliki wa Wizards, ilikubali kuinunua D&D Beyond kwa dola milioni 146.3. Agosti ikatangaza kwamba inatengeneza meza yake ya kompyuta. Kisha, Januari 2023, ikavuja rasimu ya leseni mpya. Ile ya zamani, ya mwaka 2000, iliwaruhusu watu kuandika na kuuza vitabu vyao vya mchezo pasipo mrabaha. Hii ilitaka hadi asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Wachezaji wakaanza kufuta usajili wao wa D&D Beyond, na kampuni ikashtuka.

Rasimu ya pili ilitoka Januari 19, safari hii na sera ya meza za kompyuta, na hapo ndipo penye kichekesho. Sera iliruhusu programu ionyeshe maandishi ya uchawi uitwao kombora la kichawi, ikokotoe madhara yake na kumpunguzia adui uhai. Ila programu ikithubutu kulichora kombora lenyewe likikatiza ukumbi hadi kumfikia adui, basi huo si mchezo wa mezani tena, ni mchezo wa video, na ruhusa hakuna. Watumiaji wa Foundry walikuwa wamekwisha kuzoea nyongeza zinazochora moto na radi. Nao wenye sera walikuwa jikoni wanapika Sigil! Ni vigumu kuamini kwamba hofu yao ilikuwa kulinda ubunifu wa wachezaji.

Kampuni iliomba maoni, ikapata majibu zaidi ya 15,000; asilimia 86 ya waliojibu hawakuridhika na sera hiyo. Januari 27 ikasalimu amri: leseni ya zamani ikaachwa ilivyo, na kanuni za msingi zikatolewa chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambako hazirudishwi.

Agosti 2024 D&D Beyond ilijaribu tena. Ilitangaza kwamba uchawi wa kanuni za 2014 kwenye karatasi za wahusika ungebadilishwa kuwa wa kanuni mpya za 2024, hata kwa waliokwisha kuvilipia vitabu vya awali. Makelele yakapigwa siku chache, ikaghairi.