Alfred Smith, Guverneri wa New York: Mkristu katika Kazi ya Leta

Mara nyingi twasikia Wakristu wakisema kwamba politiki ni kazi ya uwongo, na kwamba mwenye kutaka kuokoa roho yake aikimbie. Wengine husema kinyume: mtu akiisha kuingia katika kazi ya Leta, aiache dini yake mlangoni. Ili tupime maneno hayo mawili, tutazame maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mkatoliki na mtu wa politiki kwa miaka mingi. Hatutamsifu kuliko haki, wala hatutaficha makosa yake.

Nchi ya Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina baraza lake la sheria na guverneri wake. Katika jimbo la New York, tarehe 30 Desemba 1873, alizaliwa Alfred Emanuel Smith. Nyumba yao ilikuwa karibu na bandari, katika mtaa wa maskini waliotoka Ulaya kutafuta maisha. Baba yake alichukua mizigo ya watu kwa gari la farasi. Mtoto alisoma katika masomo ya parokia ya Mtakatifu Yakobo, na huko alitumikia Misa. Lakini baba yake akafa angali mtoto, naye akaacha masomo kabla ya kuyamaliza, akatafuta chakula cha mama yake na dada yake. Miaka kadhaa alifanya kazi katika soko la samaki la Fulton. Baadaye, kati ya wenye diploma kubwa, alisema kwa mzaha kwamba diploma yake yeye ni ya soko hilo.

Mwaka 1903 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la jimbo, katika mji wa Albany. Mwanzoni hakufahamu kitu. Sheria zilisomwa kwa maneno ya waavoka, naye alikaa kimya. Basi, usiku alizichukua karatasi hizo chumbani mwake, akazisoma moja moja, mpaka akawa mjuzi wa mambo ya jimbo kuliko wengi waliosoma vyuo vikubwa.

Hapo likaja jambo lililogeuza maisha yake. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha nguo kilichoitwa Triangle, mjini New York, katika orofa za juu za nyumba ndefu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za wazima-moto hazikufika juu. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano. Wengine walijitupa chini kwa kuogopa moto. Smith alikwenda kuwatembelea jamaa za wafu nyumbani mwao. Hakuishia kwenye machozi. Baraza liliunda tume ya kuchungua viwanda. Robert Wagner akawa mkubwa wake, na Smith msaidizi wake. Walizunguka jimboni, wakaingia viwandani, wakaona kwa macho watoto na wanawake wakifanya kazi usiku na mchana. Katika miaka iliyofuata zilitoka sheria zaidi ya 30: juu ya milango na ngazi za moto, juu ya usafi, juu ya saa za kazi za wanawake na watoto.

Ilipofika sheria ya kumpa mfanyakazi siku moja ya kupumzika kila juma, wenye viwanda vya kutia mboga na matunda mikebeni waliomba waachiliwe. Smith aliwajibu kwamba ameisoma amri ya Mungu juu ya kushika siku takatifu, wala hakuona humo neno la kuwaachilia wenye viwanda hivyo. Tazameni: hakuhubiri, hakutaja Eklezya; lakini katekismu aliyofundishwa utotoni ilisimama barazani, ikamtetea mwanamke asiye na mtetezi.

Lakini historia ya kweli haifichi doa. Smith alikuwa mtu wa chama cha Tammany, ambacho wakubwa wake waligawa kazi na msaada ili wapate kura, na wengi walikula rushwa. Kwa muda mrefu alitii amri zao. Mwaka 1913 Guverneri William Sulzer aliwaasi, nao wakataka kumwondoa; Smith, aliyekuwa spika, ndiye aliyeongoza baraza katika kazi hiyo. Shukrani kwa waliokupandisha ni jambo jema. Lakini ikishika usukani wa dhamiri, inakuwa utumwa.

Alichaguliwa guverneri mwaka 1918. Mwaka 1920 baraza liliwafukuza wajumbe watano wa chama cha Sosialisti, waliochaguliwa kwa haki, kwa sababu ya mawazo yao tu. Watu wengi walifurahi. Smith hakuwa msosialisti hata kidogo, lakini alilikemea tendo hilo mbele ya watu wote. Mwaka ule ule alishindwa katika uchaguzi. Akarudi kwa kura za mwaka 1922, 1924 na 1926, akapanga upya ofisi za jimbo zilizokuwa zimezidi mno, akajenga bustani za watu wote na hospitali.

Mwaka 1927 avoka mmoja, Charles Marshall, alimwandikia barua gazetini: je, mkatoliki aweza kuishika sheria ya nchi na kumtii Papa pia? Smith alijibu, akisaidiwa na Padri Francis Duffy, kwamba katika miaka yote ya kazi yake hakuona vita kati ya hayo mawili, na kwamba anaamini uhuru wa kila dhamiri. Mwaka 1928 akawa mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa kugombea uprezidenti. Alitukanwa sana kwa dini yake, na watu wa Ku Klux Klan walichoma misalaba. Akashindwa na Herbert Hoover. Ingawa, tuseme kweli, hali njema ya fedha na shauri la pombe vilikuwa pia sababu. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwa heshima kuu uhuru wa dini. John Kennedy, mkatoliki, alikuwa amekwisha kuchaguliwa mwaka 1960. Smith hakuyaona hayo. Alikufa tarehe 4 Oktoba 1944.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na uchungu. Franklin Roosevelt, aliyekuwa rafiki yake, alipata uprezidenti, naye Smith akawa adui wa kazi zake, akakaa pamoja na matajiri. Mtetezi wa wasichana wa kiwandani alipungukiwa hapo. Kiburi kilichojeruhiwa ni jaribu kubwa hata kwa mtu mwema.

Basi, sisi mapadri, wasemineri na makatekista tujifunze nini? Tusimwombe mkristu aliye katika kazi ya Leta atujengee kanisa kwa fedha ya watu. Tumwombe awaone wadogo, aushike mkono wake usiguse rushwa, amtendee haki hata mpinzani wake. Na dhamiri ya namna hiyo haianzi siku ya uchaguzi. Ile ya Smith ilianza katika parokia ya maskini, kwa mtoto mmoja aliyejibu Misa. Watoto kama huyo tunao kila asubuhi altareni. Tusiwafundishe kwa haraka.