Kanuni za Baraza na Mwenye Kuzishika

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii hutajwa mara nyingi na watu wanaosifu mabaraza ya zamani, walakini haisemi kwa nini neno haliharibiki. Je, ni kwa kuwa wazee wana hekima kuliko wengine? Au ni kwa kuwa wanazo kanuni za kusema na kunyamaza, na yuko mtu wa kuzishika? Katika makala haya nataka kulitazama swali hilo kwa kufuata watu na mikutano ya Butiama, Musoma na Bunda. Mara haikuwa makao makuu ya nchi wala bandari ya ulimwengu, lakini baadhi ya majadiliano makubwa ya Tanzania yaliamuliwa huko, na mengine yaliongozwa na watu waliozaliwa huko.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito. Wazanaki hawakuwa na mfalme mmoja aliyewatawala wote, na shauri kubwa lilihitaji wazee waketi. Alipoandika juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, mwaka 1963, Nyerere alitumia mfano wa wazee wanaoketi chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka wakapatana. Mfano huo ni mzuri, na una ukweli ndani yake. Pasipo kuhesabu kura hapana mshindi wala mshinde, na jirani hurudi nyumbani akiwa bado ni jirani.

Hata hivyo mti ule una kivuli chenye mipaka. Aghalabu wanawake na vijana hawakuketi pale, na Nyerere mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamaa ya zamani haikumpa mwanamke haki yake sawasawa. Tena liko jambo la pili. Kupatana hakujitangazi. Lazima awepo mtu wa kusema, "Sasa tumekubaliana," na mtu huyo aweza kusema hivyo wakati wengine wamechoka tu. Kwa hiyo hata baraza lisilo na kanuni zilizoandikwa lina mwenye kiti, na mwenye kiti ana nguvu.

Mwaka ule ule wa 1963 ilitoka tafsiri ya Nyerere ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Msomaji atakumbuka jinsi Brutus anavyomruhusu Antony kusema mbele ya maiti ya Caesar, kwa masharti: asiwalaumu waliomwua, aseme kwamba amepewa ruhusa nao, na aseme baada ya Brutus mwenyewe. Kisha Brutus akaondoka zake. Antony aliyashika masharti hayo kwa ulimi akayavunja kwa maana, na kabla ya jua kuchwa mji ulikuwa umewaka moto. Kosa la Brutus halikuwa kuweka kanuni. Kosa lake ni kwamba alikuwa mshitakiwa na mwenye kiti kwa wakati mmoja, na kanuni alizoziweka zilimlinda yeye, hazikuyalinda mazungumzo. Kanuni ya namna hiyo hupata mtu mwerevu wa kuizunguka, na wasikilizaji humshangilia anapoizunguka.

Sasa tuitazame Tanzania yenyewe. Mwaka 1964 iliundwa tume chini ya Rashidi Kawawa kuchunguza jinsi nchi yenye chama kimoja itakavyoweza kuwa ya kidemokrasia, na Septemba 1965 ukafanyika uchaguzi kwa utaratibu uliotokana na kazi hiyo. Kwa kawaida wagombea walikuwa wawili katika kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama, na wapinzani hao wawili walisimama katika jukwaa moja mbele ya watu wale wale. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi. Lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili. Wala hapana aliyeruhusiwa kudai kwamba yeye ndiye anayetakiwa na Rais.

Yafaa tuzipime kanuni hizi kwa mizani ya Mara, mahali ambapo Mkurya, Mjaluo, Mjita, Mzanaki na Mwikizu hukutana katika soko moja. Sharti la Kiswahili lilimzuia mgombea asiseme neno moja kwa watu wake na neno lingine kwa wageni. Bila shaka lilikuwa na gharama yake pia: bibi aliyekijua Kijita peke yake alisikiliza kampeni kama mtu asikilizaye ngoma ya ng'ambo. Kila kanuni ya baraza humnyamazisha mtu fulani, na mwenye kuiweka hana budi kujua ni nani. Lakini sharti la kutotumia jina la Rais lilikuwa na thamani ya pekee, kwa maana lilimfunga mkubwa kuliko wote. Matokeo yalionekana. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa na wapiga kura wa Mwanza, na serikali ikakubali. Watu waliamini kwamba mchezo ni wa kweli kwa sababu waliona mkubwa akianguka.

Walakini kanuni hizo nzuri zilihusu ulimi. Zile za mlango zilikuwa nyembamba. Hakuna aliyeweza kusimama asipokuwa mwanachama wa TANU aliyekubaliwa na vikao vyake, na kwa kiti cha Rais lilikuwamo jina moja tu, la kukubaliwa au kukataliwa. Ukali wa mlango huo ulidhihirika Oktoba 1968, Halmashauri Kuu ya TANU ilipowafukuza wanachama tisa, wakiwamo wabunge kadhaa. Oscar Kambona alikuwa amekwisha kwenda nje ya nchi, lakini wengine walikuwa ndani ya Bunge. Kwa kuwa ubunge ulifungamana na uanachama, waliopoteza kadi walipoteza na kiti, bila wananchi waliowachagua kuulizwa. Siwezi kusema kwamba kila aliyefukuzwa alikuwa na hoja njema. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo mbunge alijua ya kuwa anayemhukumu maneno yake si Spika, bali ni kikao kingine asichokijibu mbele ya watu.

Sisi wa vyuo tunayo sababu yetu ya kuukumbuka mlango huo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu iliketi Musoma ikatoa Azimio la Musoma. Azimio hilo lilileta jambo kubwa la heri, yaani kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ili itimie mwaka 1977. Hapo hapo likaamua kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe Chuo Kikuu, naye awe na sifa kutoka mahali pake pa kazi na kutoka katika chama. Nia ilikuwa kuondoa majivuno ya wasomi. Lakini mtu anayehitaji barua ya kumsifu ili aingie katika baraza la elimu hujifunza mapema kupima maneno yake.

Yafaa pia kumtendea haki Nyerere. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi, na karibu asilimia 80 wakataka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi kwa kuwajali wale wachache, Nyerere akaunga mkono mageuzi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwenye kiti wa zamani alikubali kwamba kupatana kwa wengi hakutoshi kuwanyamazisha wachache.

Somo hilo halikushikwa daima. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM iliketi Butiama kuyapokea mazungumzo ya muafaka wa Zanzibar baina ya CCM na CUF. Kikao kiliamua kwamba kwanza wananchi wa Zanzibar waulizwe kwa kura ya maoni, nayo CUF ikalalamika kuwa sharti limeongezwa baada ya mazungumzo kwisha. Kura ilipopigwa Julai 2010 wengi walikubali, kwa hiyo sharti lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika wakati wa kuliweka na katika upande mmoja kuliweka peke yake.

Mfano wa mwisho ni wa Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, aliyepewa mwaka 2012 kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Mwaka 2013 rasimu ya kwanza ilipelekwa katika mabaraza ya katiba, na mwongozo ulitaka wanawake na vijana waketi pamoja na wazee. Kivuli cha mti kilipanuliwa. Malalamiko yalikuwapo, hasa kwamba majina yalichujwa katika kamati za maendeleo za kata. Hata hivyo rasimu ya pili ilitoka na pendekezo la serikali tatu, ambalo wakubwa wengi hawakulipenda, na Tume haikulificha.

Bunge Maalum lilipokutana Dodoma Februari 2014, wiki kadhaa zilikwenda katika kanuni tu, na ugomvi mkubwa ukawa kama kura iwe ya wazi au ya siri. Wengine wa nje walicheka. Mimi sikucheka, kwani waliokuwa wakigombana walijua kwamba mjumbe anayetazamwa na chama chake hasemi kama yule asiyetazamwa. Machi 17 Warioba alizuiwa kwa kelele asiwasilishe rasimu, akaiwasilisha kesho yake. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA walitoka, na Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao. Novemba 2 mwaka ule, Warioba alipokuwa akisema katika mdahalo ulioandaliwa na Taasisi ya Mwalimu Nyerere huko Ubungo, Dar es Salaam, vijana walifanya fujo na viti vikarushwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika.

Tukirudi kwa methali yetu, naona kwamba neno haliharibiki penye wazee iwapo mzee anayeshika zamu naye hushikwa na zamu. Mwaka 1965 kanuni ilimgusa Rais na waziri, na walioshindwa wakanyamaza kwa hiari. Mwaka 2014 kila upande uliitazama kanuni kama silaha ya mwenziwe, na mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Nasi walimu, tunaoketi kila juma mbele ya semina, ni wenye viti wadogo. Mwanafunzi akituuliza kwa nini tumemkatiza yeye tukamwachia mwingine aendelee, hana utovu wa adabu. Na jibu letu, likiwapo, litamfundisha mengi kuliko mhadhara wa siku hiyo.