Muto Mukubwa katika Picha za Pilipili

Wengi wanazoea kusema kwamba historia ya inchi yetu iko katika barua na vitabu vya wageni tu. Sisi tunaona kuko kitabu kingine, kilichoandikwa kwa rangi. Leo tufungue ukurasa wake mumoja.

Katanga ni inchi ya maji. Lualaba, Lufira, Luapula, yote inakwenda mwishoni katika muto mumoja, ule wa Kongo. Katika inchi hiyo alizaliwa Pilipili Mulongoy, mwaka 1914, mutoto wa muvuvi wa samaki. Mwaka 1946 Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani askari wa bahari, alifungua pahali pa kazi katika Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Watu waliita pahali pale «Hangar». Pilipili aliingia pale.

Sheria ya mwalimu ilikuwa moja: musiige picha za Wazungu, kila mutu atafute njia yake. Basi Bela Sara alipaka rangi kwa vidole vyake. Mwenze Kibwanga alichora kwa mistari mingi midogo. Pilipili yeye alirudi kwenye maji: samaki, mamba, nyoka, ndege, majani ya mutoni. Hakuacha fasi tupu katika picha. Kila kipande kinajaa uzima.

Je, sheria ile ilikuwa njema? Iliwapa wanafunzi uhuru wa kutokuwa kivuli cha mutu mwingine. Lakini ilikuwa vilevile lupango: Muzungu ndiye aliyekata shauri Mwafrika achore namna gani. Frère Marc Wallenda alishika njia ingine. Alianzisha masomo ya Saint-Luc katika Gombe-Matadi mwaka 1943, akafundisha ufundi kwa utaratibu wa masomo. Masomo yale yalihamia Léopoldville mwaka 1949, na mwaka 1957 yakawa Akademia. Desfossés alipokufa mwaka 1954, kazi ya Hangar iliingia katika Akademia ya Elisabethville, na Pilipili mwenyewe akawa mwalimu. Hapo tunaona jibu: mwanafunzi alichukua alichopewa, akakifanya mali yake.

Na picha zenyewe zilikwenda wapi? Tangu mwaka 1929 picha za Albert Lubaki zilionyeshwa katika Bruxelles. Mwaka 2015 watu wa Paris waliingia katika nyumba ya Fondation Cartier kutazama maonyesho «Beauté Congo», na picha za watu wa Hangar zilikuwamo. Tunafurahi. Walakini inatuuma kufikiri kwamba mutoto wa Paris ameona samaki za Pilipili, na mutoto anayeoga katika Lualaba hajaziona hata siku moja.

Mwaka 1963 Mutaguso wa Vatikano wa pili, katika Sacrosanctum Concilium, hesabu 123, ulifundisha kwamba Kanisa halikuchagua namna moja ya ufundi kuwa yake peke yake; ufundi wa mataifa yote upewe nafasi. Maneno hayo yanatuhusu sisi mapadri, maseminari na makatekista. Tunapofundisha ubatizo tunatundika picha ya Yordani iliyochorwa ngambo. Tumwite fundi wa kijiji. Yeye anajua maji: yanalisha, yanazamisha, yanasafisha. Akichora kwa uaminifu, wakatekumeni wataelewa mbio kwamba Mungu alikuwa katika muto wao mbele sisi kufika.